Kadi ya Mapenzi Iliyokosa Nyumba

Mwaka wa tano wa ndoa nilitaka kumfanyia mume wangu sapraizi. Yeye anahariri video za harusi hapa Chake Chake, na Mfungo Mosi ukiingia, harusi zinafuatana na kompyuta yake inaganda mpaka usiku wa manane. Basi nikiwa Dar kikazi, nikachota akiba yetu ya kumalizia jiko, kimyakimya, nikaenda Kariakoo kununua kadi ya grafiki, GeForce RTX 3060. Muuzaji akaniuliza, “Mashine yenyewe ya aina gani?” Nikamjibu, “Ya mezani.” Yakaisha.

Boti ilipofunga Mkoani, roho ilikuwa inanidunda kama mwari. Mume wangu akafungua zawadi, akacheka, akafungua na boksi la kompyuta. Kimya.

“Mke wangu,” akasema taratibu, “bibi harusi mzuri, ila nyumba hatuna.” Halafu likaja swali nililoliogopa: “Na pesa umetoa wapi?”

Tulinuniana siku mbili, na yeye ana harusi mbili za kukabidhi.

Kwetu posa haijibiwi siku hiyohiyo. Wazee huomba muda, wakaulizia tabia na ukoo. Mimi niliozesha bila kuuliza! Wewe kabla ya kutoa pesa, kagua haya:

1. Nafasi. Boksi lake ni lile jembamba la ofisini, linalopokea kadi za kimo kifupi tu. Pima kwa rula urefu na kimo, na uangalie kadi inachukua upana wa sloti ngapi.

2. Umeme. Sloti ya PCI Express ya kadi ya grafiki hutoa hadi wati 75. RTX 3060 inakula 170, na NVIDIA wanashauri pawa saplai ya wati 550. Yake ilikuwa ya 300! Soma stika iliyobandikwa kwenye pawa saplai, na uangalie kama ina waya wa pini 6 au 8 wa kuchomeka kwenye kadi.

3. Monita. Kadi za kisasa hazina tundu la VGA. Zina HDMI na DisplayPort. Monita yako ina lipi?

4. Kazi yenyewe. Inakwamia wapi? Pengine kinachohitajika ni kuongeza RAM au kuweka diski ya SSD, kwa bei nafuu zaidi.

5. UPS. Umeme wa gridi ulitufikia Pemba mwaka 2010 kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga, lakini kukatika bado kupo. Kadi kubwa ni mzigo zaidi kwa UPS, hivyo hakikisha yako inaubeba.

Duka halikurudisha pesa. Risiti ilishasema bidhaa ikiuzwa hairudishwi. Tukamuuzia kijana mmoja wa Unguja kwa hasara, tukanunua GTX 1650 ya kimo kifupi, wati 75, isiyotaka waya wa ziada. Ikaingia bila ubishi, na harusi zote mbili zikakabidhiwa, japo kwa kuchelewa. Jiko bado linasubiri bati.

Juzi nikamuuliza mume wangu kama bado ana kinyongo. Akatabasamu. “Kadi wala haikuniuma. Iliniuma kuwa akiba ni yetu, ila uamuzi ulikuwa wako.”

Sapraizi ni tamu kwa kanga na manukato, shoga yangu. Kwa kompyuta na kwa akiba ya nyumba, ulizaneni kwanza.