Kimo cha Mji: Majengo, Taa na Sura ya Lamu Mbele ya Anga

Kila mji una sura mbili zinazoonekana kwa mbali: ile ya mchana, inayochorwa na mapaa, minara na majengo yanayojitokeza mbele ya anga, na ile ya usiku, inayochorwa na taa. Sura hizo humwezesha msafiri kuutambua mji kabla hajaufikia, na mara nyingi humdokezea ni nani mwenye nguvu mjini humo, kwa kuwa kilichojengwa juu kuliko vingine, kiwe msikiti, ikulu au benki, ndicho kinachoonekana kwanza. Jijini Nairobi, jumba la mikutano la KICC, lililofunguliwa mwaka 1973 likiwa na ghorofa 28, lilikuwa alama ya taifa changa, lakini leo limepitwa na majengo ya kampuni za bima, likiwemo Britam Tower la Upper Hill, lililokamilika mwaka 2017 likiwa na kimo cha takriban mita 200. Visiwa vya Lamu havina jengo hata moja la aina hiyo. Hata hivyo, swali la nani ajenge hadi wapi, na nani awashe taa kiasi gani, lina uzito mkubwa zaidi huko, kwa sababu mahali ambapo majengo yote ni mafupi, kitu kimoja tu kirefu chatosha kuibadilisha sura nzima.

Kikomo kilichowekwa na boriti

Mji wa Kale wa Lamu, ulioingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, umejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na miti ya mikoko, na vifaa hivyo ndivyo vilivyoamua kimo chake. Dari ya nyumba ya kale hubebwa na boriti, yaani magogo ya mkoko yaliyonyooka, yanayolazwa sambamba kutoka ukuta mmoja hadi wa pili. Juu yake hupangwa mawe, kisha humwagwa tabaka nene la chokaa na kokoto linalopondwapondwa mpaka likashikana. Kwa kuwa dari hiyo ni nzito mno, boriti haiwezi kuachwa ivuke nafasi kubwa bila kupinda, na ndiyo maana vyumba vya Lamu ni virefu lakini vyembamba, upana wake ukiwa kati ya mita 2.5 na 3. Kuta nazo, ingawa ni nene, hazimudu uzito wa dari nyingi zilizopandana, hivyo nyumba nyingi zikaishia ghorofa mbili au tatu.

Desturi ilikaza kile kilichoanzwa na vifaa. Nyumba ya Kiamu, yaani ya Lamu, hutazama ndani, kwenye ua uliofichika, na jirani aliyejenga juu mno angeingilia stara ya watu wa nyumba ya pili. Familia iliyohitaji nafasi zaidi iliweza kupanuka kwa wikio, yaani chumba kinachojengwa juu ya kichochoro kama daraja la kuunganisha nyumba mbili. Misikiti mingi ya kale ya Waswahili nayo haikuwa na minara, maana adhana ilitolewa darini. Mnara mweupe wenye umbo la pia wa Msikiti wa Ijumaa wa kijiji cha Shela, uliojengwa mwaka 1829, ulikuwa jambo la nadra wakati wake, na ulionekana mbali kwa sababu haukuwa na mshindani. Hata Ngome ya Lamu, iliyokamilika mwaka 1821 ikiwa ufukoni kabisa, haikuwa ndefu. Leo iko takriban mita 70 kutoka majini, kwa kuwa ukingo wa bahari ulijazwa na kujengwa katika karne ya 19, na safu mpya ya nyumba zenye veranda na matao ikawa ndiyo uso wa mji kwa anayefika kwa jahazi.

Zege na mashindano ya kuona bahari

Saruji na nondo ziliondoa kikomo hicho. Nguzo ya zege haihitaji ukuta mnene, boriti ya zege huvuka chumba kipana, na anayejenga anaweza kuongeza ghorofa kadiri mfuko wake unavyoruhusu. Jambo hilo limeonekana zaidi katika kijiji cha Shela, ambako wageni matajiri wamenunua viwanja na kujenga nyumba za mapumziko za ghorofa tatu na zaidi, mara nyingi zikimalizikia kwa kibanda cha makuti juu kabisa cha kupunga upepo na kutazama bahari. Mandhari ya bahari ni mali ya ajabu: aliyejenga juu huipata, lakini jirani yake wa nyuma huipoteza pamoja na upepo, naye akiwa na uwezo hupandisha ghorofa yake. Mashindano hayo hayaishi yenyewe, maana kila hatua ya mmoja ni sababu ya hatua ya mwingine, na hapo ndipo sheria inapohitajika.

Sheria ipo. Mji wa Kale ulitangazwa rasmi kuwa eneo la kuhifadhiwa mwaka 1986, na leo unalindwa na Sheria ya Makavazi na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006. Lililo la kipekee zaidi ni kwamba eneo la kinga, yaani ukanda unaozunguka urithi ili usisongwe na ujenzi, linajumuisha vilima vya mchanga vya Shela pamoja na mstari wa mikoko unaoonekana ng'ambo ya mlango wa bahari, upande wa kisiwa cha Manda na Ras Kitau. Kwa maneno mengine, sheria hailindi kuta za mji tu, inalinda pia kile ambacho mji unakitazama.

Bomba la moshi la mita 210

Jaribio kubwa la kanuni hiyo lilitoka bara. Mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 ulipangwa kujengwa Kwasasi, takriban kilomita 20 kutoka Mji wa Kale, ukiwa na bomba la moshi la kimo cha mita 210, refu kuliko Britam Tower. Hesabu ya mviringo wa dunia huonyesha maana ya kimo hicho: mtu aliye usawa wa bahari huacha kuiona nyumba ya mita 10 akiwa umbali wa kilomita 11 hivi, ilhali kilele cha mita 210 huonekana hadi kilomita 50, hewa ikiwa safi. Kitu kirefu kiasi hicho hulazimika pia kuwekewa taa za kuwaonya marubani, kwa hiyo kingeonekana mchana na usiku. Tarehe 26 Juni 2019 Mahakama Maalumu ya Taifa ya Mazingira (National Environment Tribunal) iliifuta leseni ya mradi huo, hasa kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Bandari mpya ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021, imejengwa pia upande wa bara, na kwa hiyo uso wa Mji wa Kale haukuguswa. Lakini bandari hufanya kazi usiku, chini ya taa kali zilizo juu ya milingoti mirefu, na mwanga hauna adabu ya kubaki ulipowashwa.

Mwanga usio na mpaka

Kwa miaka mingi Lamu ilitegemea jenereta za dizeli, kabla ya kuunganishwa na gridi ya taifa. Umeme wa uhakika huleta taa, na taa ni neema kwa mgonjwa, mwanafunzi na mfanyabiashara. Tatizo huanza pale taa inapomulika juu au pembeni badala ya chini. Mwanga unaopanda hugonga mvuke, chumvi na vumbi hewani, kisha hutawanyika na kurudi chini kama wingu jeupe linalofunika nyota. Taa za LED nyeupe sana huzidisha hali hiyo, kwa sababu zina mwanga mwingi wa buluu, ambao hutawanyika kwa urahisi kuliko ule wa rangi ya manjano. Milingoti mirefu ya taa, ambayo Wakenya huiita mulika mwizi, huangaza eneo pana, lakini mwizi mwenyewe hunufaika na vivuli vizito vinavyobaki nyuma ya kila ukuta wa kichochoro chembamba.

Fukweni sura ya usiku ni suala la uhai. Kasa hutaga mchangani katika fukwe za visiwa hivi, na vifaranga wake, ambao kwa kawaida hutoka usiku, hutafuta bahari kwa dalili mbili: huelekea upande ulio na nuru zaidi karibu na upeo, ambao kwa maumbile ni ule wa maji, na huukwepa upande wenye umbo refu na jeusi, yaani vilima na miti. Jengo refu lenye taa nyuma ya ufuko hugeuza dalili zote mbili, na kifaranga hutambaa kuelekea nchi kavu, ambako kaa, ndege na jua la asubuhi humngoja.

Miji mingine imeshaonyesha njia na hatari zake. Flagstaff, Marekani, ulianza kudhibiti taa kwa sheria mwaka 1958 ili kuwalinda wanaastronomia wake, nao hadi leo ni mji wenye umeme na biashara. Muscat ulichagua majengo mafupi yenye rangi zilizopoa, wakati Dubai ilipanda hadi mita 828 za Burj Khalifa. Liverpool, Uingereza, uliondolewa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2021 kwa sababu ya ujenzi mpya wa kando ya maji.

Mpango wa LAPSSET, yaani wa ukanda wa uchukuzi kutoka Lamu hadi Sudan Kusini na Ethiopia, ambao bandari ni sehemu yake, unataja pia mji wa mapumziko huko Lamu, na miji ya aina hiyo hupenda maghorofa na taa za mapambo. Ghorofa likishasimama hudumu vizazi, kwa hiyo mahali na kimo chake huamuliwa mara moja tu. Taa, kinyume chake, hurekebishwa kwa gharama ndogo, kwa kuivika kofia inayoelekeza mwanga chini, kuchagua rangi ya manjano na kuizima isipohitajika. Ikiwa sheria imeweza kuulinda mstari wa mikoko ya Manda kwa ajili ya macho ya mchana, kanuni za kaunti zinaweza kuongezewa kifungu cha taa, na kifungu hicho kitakuwa na thamani zaidi kikiandikwa kabla viwanja vya mji huo mpya havijagawanywa.