Pikipiki za theluji: bomba la moshi linapopasuka mlimani, kurudi nyumbani ni kwa miguu

Mkaaji wa Mutwanga, chini ya mlima Ruwenzori, huiona theluji kwa mbali tu, asubuhi mawingu yanapofunguka. Hakuna anayefikiria kuipanda na injini. Lakini katika milima ya magharibi ya Marekani na Kanada, theluji hufunika mabonde kwa miezi mingi, na watu huingia ndani yake kwa chombo ambacho Wafaransa wanaita motoneige: pikipiki isiyo na magurudumu, mbele ina ski mbili, nyuma ina mkanda mpana wa mpira unaozunguka kama ule wa tingatinga. Jimbo la Idaho, ambako familia nyingi za Wakongomani zilipokelewa kama wakimbizi, hasa katika mji wa Boise, ni mojawapo ya makao makubwa ya mchezo huo.

Chombo hiki hakikuanza kama mchezo. Joseph-Armand Bombardier, fundi wa Valcourt katika jimbo la Québec, alimpoteza mtoto wake mwaka 1934 wakati wa baridi, kwa sababu barabara zilikuwa zimezibwa na theluji na hospitali haikufikika. Alitengeneza kwanza magari makubwa ya theluji. Mwaka 1959 kampuni yake ikatoa Ski-Doo, mashine ndogo ya mtu mmoja au wawili. Hadi leo, kwa wawindaji wa Kiinuiti kule kaskazini ya Kanada, mashine ya aina hiyo ni chombo cha kazi kama vile pikipiki ilivyo kwa motari wa Butembo.

Kwa wale wanaoipanda milimani kwa kujifurahisha, kuna tatizo moja ambalo mafundi hulikuta kila msimu: bomba la moshi lililonunuliwa dukani ili kubadilisha lile la kiwandani hupasuka. Kwa nje inaonekana ni hasara ya pesa tu. Lakini theluji ikiwa imefika kiunoni, barabara iko kilomita kumi na tano nyuma na jua linazama saa kumi na moja, ufa wa sentimita chache unaweza kumlaza mtu nje kwenye baridi ya kuua.

Ili kuelewa ufa huo, lazima kwanza kuelewa bomba lenyewe. Mashine nyingi za milimani zina injini ya mipigo miwili, ile inayochoma mafuta ya injini pamoja na petroli. Wazee wa Kivu wanaijua: Yamaha AG100, iliyobeba wachanjaji na mapadri katika barabara mbaya za Afrika, ilikuwa ya aina hiyo. Katika injini kama hizi bomba halitoi moshi tu. Lina tumbo kubwa katikati, kisha linabanwa tena. Moshi unapotoka kwa nguvu, wimbi la mgandamizo hugonga sehemu ile iliyobanwa na kurudi, likisukuma ndani ya silinda petroli iliyotaka kutoroka. Ufundi huo ulikomazwa miaka ya 1950 na mhandisi Walter Kaaden wa kampuni ya MZ, Ujerumani ya Mashariki. Mwaka 1961 mwendeshaji wake, Ernst Degner, alitoroka nchi na kujiunga na Suzuki. Mwaka uliofuata Suzuki ikachukua ubingwa wa dunia wa pikipiki za sentimita za ujazo 50. Siri ilikuwa imevuka mpaka.

Bomba la kiwandani ni zito, na limetengenezwa ili kudumu na kupunguza kelele. Wanaopenda nguvu hulitoa na kuweka jingine la chuma chembamba, au la titani, lililoungwa vipande kwa vipande kwa kuchomelewa. Mashine hupungua uzito na injini hupata nguvu. Lakini wembamba ule ule unaopunguza uzito hupunguza pia uvumilivu.

Injini inapofanya kazi sana, bomba hufikia mamia ya digrii. Chuma kikipata joto hurefuka: bomba la mita moja, joto likipanda kwa digrii 400, huongezeka karibu milimita tano. Sasa mwendeshaji anaingia katika theluji laini. Theluji inapanda juu ya kifuniko cha injini kama vumbi, inaingia katika matundu ya hewa na kuangukia bomba. Mahali ilipogusa panapoa na kutaka kujikunja ghafla, huku pembeni pakiwa bado pana moto na pamerefuka. Kila mwanamke aliyewahi kumwagia maji baridi sufuria kavu iliyokaa jikoni anajua sauti inayotoka. Bomba hilo hupata hali hiyo mara mia kwa siku, na wakati huohuo injini inalitikisa maelfu ya mara kwa dakika.

Theluji peke yake mara chache ndiyo inayolipasua. Ufa huanza karibu kila mara pale ambapo bomba limezuiwa kusogea: kando ya mstari wa kuchomelea, au chini ya ndoano ya resori. Hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea. Wanadhani kulinda ni kukaza. Wanafunga bomba kwa nguvu, wanaongeza kipande kinene cha chuma, wanabadilisha resori na kuweka boliti. Kumbe bomba hilo hushikwa na resori makusudi, ili liweze kurefuka, kurudi na kucheza pamoja na injini. Ukilifunga, nguvu ile ile hutafuta mahali pengine pa kutokea.

Kwa hiyo ulinzi wa kwanza si wa gharama. Resori zote ziwepo na zivute sawasawa. Moja ikikosekana, zilizobaki hulivuta bomba upande mmoja. Mipira inayobeba injini ikaguliwe, kwa sababu ikichoka injini huruka na bomba ndilo linalobeba. Bomba jipya liingie mahali pake bila kulazimishwa: kama fundi anahitaji kulisukuma kwa goti ndipo resori zifike, tayari limeanza kufa.

Cha pili ni theluji yenyewe. Matundu ya hewa hufunikwa kwa kitambaa chembamba cha wavu kinachopitisha hewa na kuzuia theluji. Kuyaziba kabisa ni kosa baya zaidi: joto hubaki chini ya kifuniko, plastiki huyeyuka, na mkanda unaopeleka nguvu nyuma hukatika. Wengine hulifunga bomba kwa kitambaa kisichoungua. Kinasaidia theluji isiguse chuma, lakini hunyonya maji, na chuma chembamba huoza chini yake pasipo mtu kuona. Rangi ya seramiki ni afadhali, kwa kuwa huhifadhi joto ndani na haishiki maji.

Kuna faida nyingine ya kuliacha bomba na joto lake. Mwendo wa wimbi ndani yake hutegemea joto la moshi. Theluji ikilipoza, wimbi huchelewa kurudi, na injini hupoteza nguvu katikati ya mteremko, pale pale inapohitajika. Ndiyo sababu mashine nyingi za sasa zina kipimo cha joto ndani ya bomba, na kompyuta hurekebisha uchomaji kulingana nacho.

Bomba likishapasuka, moshi wa moto hutoka chini ya kifuniko. Injini huanza kuvuta hewa chafu na kudhoofika, nyaya na plastiki zilizo karibu huungua, na moto unaweza kuwaka. Mlimani hakuna dawa ya kweli. Wazoefu hubeba resori za akiba na chombo cha kuzivutia, kisha hurudi polepole bila kutia gazi nyingi.

Kwa fundi, ufa hautengenezwi kwa kuchomelea juu tu. Hutobolewa kwanza tundu dogo kwenye kila ncha yake ili usiendelee kutembea, masizi na mafuta hutolewa hadi chuma king'ae, kisha huchomelewa kwa kipande chenye unene ule ule. Titani ni kazi ya wachache: bila gesi ya argoni nje na ndani ya bomba, mshono hugeuka kijivu na kuvunjika kama kauri.

Anayetaka kujua mapema hahitaji mashine ya kupimia. Bomba likiwa limepoa, hulifuta kwa kitambaa safi, huendesha kidogo, kisha hulitazama tena kwa tochi. Ufa mchanga hauonekani kama ufa. Huonekana kama uzi mweusi wa mafuta na masizi, mwembamba kama unywele, kando ya mstari wa kuchomelea.