Mtaji Unaofuata Samaki

Fedha za kampuni chipukizi za Kenya huombwa Nairobi, na mara nyingi huingia kwenye akaunti ya kampuni iliyosajiliwa Delaware, Marekani. Kaunti za Migori na Homa Bay, kando ya Ziwa Victoria, huonekana kwenye maombi hayo kama soko. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,116,436 katika kaunti ya kwanza na 1,131,950 katika ya pili. Ni milioni mbili na ushee wenye simu, M-Pesa na mahitaji, na hiyo ni hesabu tamu kwa mtu aliyeketi Westlands akitafuta dola.

Nchi yenyewe haijapungukiwa na dola hizo. Mwaka 2024 kampuni chipukizi za Kenya zilikusanya takriban dola milioni 640, kiasi kilichoiweka nchi mbele ya zote barani. Ila tazama zilikokwenda: sehemu kubwa ilichukuliwa na nishati ya jua na magari ya umeme. Kampuni ya d.light peke yake ilipata dola milioni 176. Vyombo vya habari vya mtandaoni havikuonekana mezani, na hilo si jambo la mwaka mmoja.

Anayetaka kuelewa sababu anaweza kufuata kazi ya Ory Okolloh. Huyu ni mwanasheria aliyesomea Harvard na kujulikana kwanza kwa blogu yake, Kenyan Pundit. Mwaka 2006, yeye na Conrad Akunga walianzisha Mzalendo, tovuti ya kufuatilia wabunge wanasema nini na wanafanya nini. Januari 2008, nchi ikiwaka baada ya uchaguzi na serikali ikiwa imepiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, aliungana na Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia kuunda Ushahidi. Mwananchi alituma ujumbe wa simu, na tukio likaonekana kwenye ramani. Programu hiyo imetumika nchi nyingi tangu hapo, katika matetemeko ya ardhi na katika chaguzi.

Kibiashara, hata hivyo, Ushahidi haikuwa na cha kuuza. Ilisimama kwa misaada, mkubwa wao ukiwa dola milioni 1.4 zilizotolewa mwaka 2009 na Omidyar Network, shirika la Pierre Omidyar aliyeanzisha eBay. Okolloh aliondoka, akaingia Google mwaka 2011 kusimamia sera za Afrika, na mwaka 2013 akawa mkurugenzi wa uwekezaji barani katika shirika lile lile la Omidyar. Aliyekuwa akipokea sasa ndiye aliyekuwa akigawa. Baadaye akawa mshirika katika Verod-Kepple Africa Ventures, mfuko wa dola milioni 60 uliozaliwa na ubia wa kampuni ya Nigeria na ya Japani.

Isis Nyong'o, wa kizazi hicho hicho, alipita MTV na Google, kisha akaongoza shughuli za Afrika za InMobi, kampuni ya matangazo ya simu kutoka India, kabla ya kufungua biashara zake mwenyewe. Safari za wawili hawa zinafanana kiasi cha kutosha kunipa maoni: habari za mtandaoni Kenya zimezaa wawekezaji wazuri kuliko zilivyozaa kampuni za kuwekezewa. Anayetangaza bidhaa hulipa Google na Meta, na mwenye tovuti huokota kilichobaki. Mwekezaji aliyewahi kukaa ndani ya mashine hiyo anajua hesabu zake, na haweki fedha humo.

Ukishuka Migori mjini utakuta kuna wanaoishi kwa kamera hata hivyo. Kazi yao kubwa ni matanga. Familia yenye watoto Nairobi, Doha na Minnesota hukodi kijana mwenye kamera mbili, kompyuta ndogo na kifaa cha intaneti, naye hurusha mazishi moja kwa moja kuanzia mwili unapotoka mochari hadi mchanga wa mwisho. Bei hupatanwa kabla, na malipo ya awali huingia kwa M-Pesa. Redio za Kijaluo ziliifahamu biashara hii mapema: tangazo la kifo lina mlipaji hata mwezi ambao kampuni za sabuni zimefunga mkoba. Mrusha mazishi hasubiri Meta, ingawa tangu 2024 Meta imewafungulia Wakenya njia ya kulipwa kwa video zao. Anayelipwa kwa njia hiyo hukatwa asilimia 5 chini ya Sheria ya Fedha ya 2023.

Biashara kama hiyo ina faida lakini haikui kwa kasi ambayo mfuko wa dola unaitaka. Huwezi kuwaahidi wawekezaji kwamba mazishi yataongezeka mara kumi. (Na ukiahidi, usije ukaiweka ahadi hiyo kwa maandishi.)

Mwaka 2015, kwenye mkutano wa wabunifu jijini Nairobi, Okolloh aliwaudhi wengi aliposema kwamba Afrika haiwezi kujinasua kwa ujasiriamali peke yake huku serikali zikishindwa na mambo ya msingi. Alichoshwa na kusifiwa kwa vijana wanaotafuta mbinu za kuishi bila umeme, badala ya kuuliza umeme uko wapi. Maneno hayo yametoka kwa mtu aliyekuwa akiidhinisha uwekezaji, na ndiyo maana yana uzito.

Yapime ufuoni. Omena, yaani dagaa, wa fuo za Sori, Muhuru au Mbita huanikwa juani juu ya nyavu zilizotandazwa chini. Mvua ikinyesha adhuhuri, mzigo uliokuwa wa kuuzwa kwa gorogoro sokoni huharibika, na mama aliyeununua alfajiri kwa fedha za chama huuza kwa watengenezaji wa chakula cha kuku, kwa bei ya kutupa. Anayo simu nzuri. Anachokosa ni mtambo wa kukaushia na umeme wa kuuendesha.

Kampuni iliyovuta fedha nyingi ukanda huu ililielewa hilo. Victory Farms, iliyoanzishwa 2015 na Joseph Rehmann na Steve Moran, inafuga ngege (tilapia) kwenye vizimba katika ufuo wa Roo, upande wa Suba. Mwaka 2023 ilipata dola milioni 35, Creadev ya Ufaransa ikiongoza. Ilijenga kila kiungo yenyewe: kituo cha kutotolesha vifaranga, mabwawa, vizimba, malori ya baridi, na matawi kwenye mitaa ya Nairobi ambako wachuuzi hununua asubuhi na kukaanga jioni. Kwa maneno mengine, ilijijengea huduma ambazo mfanyabiashara wa Ulaya huzikuta tayari. Hilo linaigharimu, na ndiyo sababu ilihitaji mamilioni kabla ya kufika ukubwa ilionao.

Upande wa pili kuna Copia, iliyoanza 2013 ikiuza bidhaa vijijini kupitia mawakala wenye maduka. Ilikusanya zaidi ya dola milioni 100, na Mei 2024 ikawekwa chini ya wasimamizi. Oda zilikuwa nyingi, lakini kupeleka unga na mafuta hadi kwa wakala wa kijijini kulikula faida. Tofauti yake na Victory Farms, kwa maoni yangu, ni kwamba samaki hutoka kijijini kwenda kwenye fedha, wakati Copia ilikuwa ikizifuata fedha kidogo kidogo hadi mlangoni.

Anayebaki nje ni mwenye vizimba viwili au vitatu. Chakula cha samaki hula zaidi ya nusu ya gharama zake, na hatari ni zake peke yake: Novemba 2022 samaki wa vizimba walikufa kwa wingi upande wa Kisumu, maji ya chini yasiyo na oksijeni ya kutosha yalipopanda juu. Aquarech, kampuni ya Kisumu, imejaribu kumfikia kwa programu ya simu inayomuuzia chakula na kumtafutia mnunuzi, na hapo teknolojia inagusa gharama yake kubwa kuliko zote. Lakini ngege wa kizimbani huchukua miezi sita hadi minane kufikia uzito wa soko. Mkopo wa simu unadaiwa baada ya siku 30. Benki inataka hati ya shamba, na kizimba kinaelea juu ya maji ya serikali. Mfuko wenye dola milioni 60 hauwezi kumtuma mtu hadi ufuo wa Karungu kukagua mkopo wa shilingi laki mbili, kwa hiyo laki mbili hizo bado zinatoka kwenye chama na sacco.