Mtoto mchanga hawezi kusema wapi panamuuma

Mara nyingi baada ya ibada mama huja mbele na mtoto wa wiki mbili mikononi. Anasema: «Tangu jana hanyonyi vizuri, analala tu.» Tunamwombea, na ni vema. Lakini tumwulize pia: je, mmekwisha kufika kwenye kituo cha afya?

Mtu mzima mwenye maambukizi ya njia ya mkojo atakuambia kwamba mkojo unamchoma. Mtoto ambaye hajamaliza mwezi hana maneno hayo. Kwake ugonjwa hujificha nyuma ya dalili zinazofanana na za magonjwa mengine mengi: anakataa titi, anatapika, analegea, analia bila kutulia, haongezi uzito, ama macho na ngozi vinabaki vya njano siku nyingi. Wengine wana homa. Wengine mwili unakuwa baridi. Kwa hiyo tusiseme, «Hana homa, basi ni mzima.» Na akiwa na homa, tusikimbilie kusema ni malaria.

Mara nyingi ugonjwa huu unaletwa na vijidudu vinavyoishi ndani ya matumbo. Kinga ya mtoto mchanga bado ni dhaifu, hivyo vijidudu vinaweza kuingia haraka katika damu, hata kufika kwenye utando wa ubongo. Hapo maisha yake yako hatarini. Katika miezi ya kwanza wavulana wanapatwa kuliko wasichana. Wengine wamezaliwa na kizuizi katika njia ya mkojo: mvulana ambaye mkojo wake unatoka matone matone tu aonyeshwe kwa daktari.

Ugonjwa huu hautambuliwi kwa macho wala kwa harufu. Ni lazima mkojo upimwe. Muuguzi akitaka kuuchukua kwa mpira mwembamba, au daktari kwa sindano chini ya kitovu, msiogope: mkojo uliokusanywa katika mfuko unagusa ngozi, na majibu yake yanaweza kudanganya. Matibabu ni antibiotiki, na kwa mtoto mdogo hivi huanza kwa sindano hospitalini. Hata akianza kunyonya tena, dawa zimalizwe kama daktari alivyoagiza.

Nyumbani, msimpe maji ya majani, wala kumwingizia dawa kwa njia ya haja kubwa, wala vidonge vilivyobaki vya mkubwa wake. Mama aendelee kumnyonyesha, na njiani ambebe kifuani, ngozi kwa ngozi, ili asipate baridi.

Msingoje asubuhi mkiona moja ya dalili hizi:
– hanyonyi, au ameacha kunyonya vizuri;
– joto la mwili limefika 37,5 au zaidi, ama limeshuka chini ya 35,5;
– anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia;
– ana degedege;
– hasogei mpaka aguswe;
– rangi ya njano imefika kwenye viganja na nyayo.

Tunajua kwamba kwa familia nyingi kituo ni mbali, barabara si salama na pesa ya pikipiki haipo. Hapo ndipo kazi ya kanisa inaanza. Mashemasi na umoja wa akina mama waweke akiba ndogo kwa safari ya namna hii, na mtu mmoja amsindikize mama. Mchungaji anaweza kuomba njiani pia.

Katika Mwanzo 21, Hajiri aliketi mbali ili asimwone mtoto wake akifa. Mungu alisikia sauti ya kijana, kisha akamfungua mama macho, akaona kisima. Hajiri akasimama, akajaza maji, akamnywesha mtoto. Mungu atufungue macho sisi pia, tusimame mapema.