Beseni la Mama na Karatasi Inayosema

Njoo, mpwa wangu, kaa hapa kivulini. Umeniuliza swali la mtu mwenye macho: "Mjomba, mama anaambiwa mshahara wake ni kwacha 4,000. Mbona zimefika nyumbani 3,760? Nani kala 240?"

Hakuna aliyekula. Tuiulize karatasi ya mshahara yenyewe.

Karatasi ikakohoa. "Juu kabisa naandika mshahara wote," ikasema. "Hilo ni beseni la chisense, wale samaki wadogo, likishuka kutoka mtumbwini. Chini kabisa naandika kinachofika nyumbani. Hadithi iko katikati, kwenye mikono inayochota."

"Mkono wa kwanza ni wa nani?"

Wa NAPSA, mfuko wa pensheni. Katika kila kwacha 100 unachota 5. Kwa mama ni 200. Unajua kuanzia Desemba mpaka mwisho wa Februari uvuvi hufungwa hapa Ziwa Mweru? Nyavu zinaning'inia, mitumbwi inalala mchangani. Nyumba iliyokausha samaki inakula. Isiyokausha inakwenda kukopa Kashikishi. Sasa fikiri uzee: hilo ni ziwa lililofungwa, na Machi haliji kulifungua. NAPSA ni dari la samaki wakavu wa mama. Na tajiri wake hutia 200 nyingine humo humo, kutoka beseni lake mwenyewe!

"Na mkono wa pili?"

Wa NHIMA, bima ya afya, ulioanza kuchota mwaka 2019. Huo ni mdogo: kwacha 1 katika 100. Mama anatoa 40, tajiri anatoa 40. Ni chungu cha wote. Leo anaumwa jirani, kesho wewe.

Mia mbili na arobaini. Umeziona?

"Lakini mjomba, serikali haitaki kodi?"

Mwerevu wewe! Inataka, nayo huitwa PAYE. Chora mstari pale mchangani. Andika 5,100. Tangu Januari 2024, mshahara wa mwezi usiovuka mstari huo haulowi, yaani haukatwi kodi hiyo. Wa mama haujafika. Anayetozwa kodi juu ya 6,100 je? Inalowa ile 1,000 iliyovuka tu, na katika hiyo zinachukuliwa 200. Zile 5,100 zinabaki kavu. Kadiri unavyoingia ndani maji yanapanda: 20 katika 100, kisha 30, kisha 37. Watu wazima wengi hudhani ukivuka mstari unalowa mpaka kichwani. Wewe sasa unawashinda.

"Nani anazipeleka hizo pesa?"

Tajiri. Anazikata, anazishika, na kodi lazima ifike kwa ZRA, mamlaka ya kodi, kabla ya tarehe 10 ya mwezi unaofuata kupita. Zikiwa mkononi mwake si zake, ni za safari tu. Mimi niliwahi kufanya kazi dukani, zamani. Kila mwezi karatasi ilisema nimekatwa pensheni. Siku nilipokwenda kuuliza, dari langu lilikuwa tupu. Hata samaki mmoja hakuna! Karatasi ilikuwa imesema kweli nusu tu: nilikatwa, hazikupelekwa.

"Kumbe karatasi hudanganya?"

Karatasi haijui barabara, mpwa wangu. Inajua kilichotoka kwenye beseni. Kilichofika, unakwenda kuuliza kule kule.

Mtoto akainuka, akapangusa mchanga. "Mama! Mama! Umewahi kwenda kuwauliza NAPSA?"