Uamuzi wa London, hasara ya Galu: Nani huamua janga linapozuka?

MNAMO Aprili 9, 2021, Uingereza iliiweka Kenya katika orodha yake nyekundu kwa hofu ya virusi vya korona. Wasafiri waliotoka humu nchini walizuiwa kuingia huko, isipokuwa raia wa Uingereza na Ireland pamoja na wenye haki ya kuishi Uingereza. Hao nao walilazimika kukaa karantini hotelini siku 10, tena kwa gharama yao wenyewe. Kenya haikuondolewa katika orodha hiyo hadi Septemba 22.

Uamuzi ulifanywa London lakini uchungu wake ulifika Galu. Katika ufuo huu ulio kusini mwa Diani, Kaunti ya Kwale, mtalii asipokuja haumii mwenye hoteli peke yake. Mvuvi hukosa wa kumuuzia pweza, mwenye tuktuk hukosa abiria, na kijana wa ngalawa hana wa kumpeleka mwambani.

Kabla ya hapo, wakazi walikuwa tayari wamepigwa mara mbili. Safari za ndege za kimataifa zilisimamishwa Machi 2020 hadi Agosti 1. Aidha, tangu Aprili 8 hadi mapema Juni mwaka huo, serikali ilipiga marufuku watu kuingia au kutoka Kwale.

Je, ni nani hasa mwenye mamlaka ugonjwa unapovuka mipaka? Hilo ndilo swali ambalo wataalamu wanaochunguza uongozi wa afya duniani wamekuwa wakijiuliza tangu janga hilo.

SHERIA BILA ASKARI

Yafaa ieleweke kwamba sheria zipo. Kanuni za Afya za Kimataifa, zilizoanza kutumika Juni 2007, zinaitaka kila nchi iliarifu Shirika la Afya Duniani, WHO, katika muda wa saa 24 baada ya kuthibitisha kwamba ugonjwa uliozuka huenda ukahatarisha mataifa mengine. Zinataka pia vikwazo vya usafiri vitegemee sayansi, wala visizidi kiasi kinachohitajika.

Hata hivyo, WHO haina polisi wala mahakama ya kumwadhibu anayekaidi. Mnamo Novemba 2021, wanasayansi wa Botswana na Afrika Kusini waliutangazia ulimwengu kuhusu kirusi kipya cha Omicron. Badala ya kushukuriwa, nchi za eneo hilo zilifungiwa milango na mataifa mengi.

Hatari yake ni dhahiri. Msema kweli akiadhibiwa, wa kesho atanyamaza, na ugonjwa utasambaa kimyakimya.

Jambo la pili ni fedha. Kwa miaka mingi, ada za lazima za nchi wanachama zilitosheleza chini ya thuluthi moja ya bajeti ya WHO. Sehemu kubwa iliyosalia ilitoka kwa wafadhili, ambao mara nyingi huamua wenyewe itumiwe kwa kazi gani. Mwaka wa 2022 wanachama walikubaliana kuongeza ada hizo hatua kwa hatua. Lakini Januari 2025 Marekani, iliyokuwa miongoni mwa wafadhili wakubwa kabisa, ilitoa amri ya kujiondoa.

SAMPULI ZETU, CHANJO YAO?

Suala linalogusa Pwani moja kwa moja ni sampuli. Mwaka wa 2004 ugonjwa wa chikungunya ulizuka Lamu na Mombasa, kisha ukaenea Komoro, visiwa vingine vya Bahari Hindi na hatimaye India. Chanjo ya kwanza iliidhinishwa Marekani Novemba 2023, karibu miaka 20 baadaye.

Wakati wa korona, wanasayansi wa KEMRI mjini Kilifi walisoma chembechembe za urithi za virusi hivyo na matokeo yao yakaufaa ulimwengu mzima. Lakini Kenya ilipata shehena yake ya kwanza ya chanjo Machi 3, 2021, dozi zaidi ya milioni moja zilizotengenezwa India. Punde India ikazuia kuuza nje, nayo mikono ikabaki mitupu.

Malalamiko haya si mapya. Mwaka wa 2007 Indonesia ilikataa kutoa sampuli za homa ya ndege, ikisema chanjo inayotokana nazo haiwezi kununuliwa na watu wake.

MKATABA MPYA

Mei 20, 2025, mkutano mkuu wa WHO mjini Geneva ulipitisha Mkataba wa Majanga kwa maafikiano, baada ya kamati yake kuuidhinisha siku moja mapema kwa kura 124. Hakuna nchi iliyoupinga, ila 11 hazikuunga mkono upande wowote. Mkataba unalenga kwamba watengenezaji wanaoshiriki watenge asilimia 20 ya chanjo na dawa za janga kwa ajili ya WHO, angalau nusu yake bila malipo. Utaratibu wa kubadilishana sampuli na faida uliachwa ujadiliwe baadaye. Baada ya huo kupitishwa, sharti nchi 60 ziuridhie mkataba ndipo uanze kutumika.

Zipo porojo kwamba WHO sasa itaweza kuamuru watu wafungiwe au wachanjwe kwa nguvu. Si kweli. Mkataba wenyewe unasema wazi kwamba shirika hilo halina mamlaka hayo.

Afrika nayo haikukaa kitako. Mwishoni mwa Julai 2024, Kenya ilitangaza kisa chake cha kwanza cha mpox, kilichogunduliwa mpakani Taveta, katika kaunti jirani ya Kwale. Agosti 13, kituo cha Umoja wa Afrika cha kudhibiti magonjwa, Africa CDC, kilitangaza hali ya dharura barani, siku moja kabla ya WHO.

Kwa mwananchi wa kawaida, mlango wa kuingilia katika mambo haya uko Nairobi. Sheria ya mwaka wa 2012 inataka mikataba ya kimataifa ijadiliwe Bungeni, na wananchi watoe maoni, kabla nchi haijairidhia. Mbunge anapokuja kuomba kura, mvuvi wa Galu ana haki ya kumuuliza: sampuli zetu zikichukuliwa, chanjo itatufikia lini? Na tukisema kweli kuhusu ugonjwa, nani atatulinda tusifungiwe milango?