Ngoma Isiyopigwa Ngoma

Mtu wa pwani akialikwa ngoma ya Wamasai Kitengela, hutega sikio asikie msondo na chapuo, asisikie. Koo zao ndizo ngoma. Mmoja huimba, wenziwe humwitikia kwa mngurumo wa kifua, na morani huingia kati wakaruka wima, mwili umenyooka kama mkuki.

Sisi tuna Goma la Lamu: wanaume wamevaa kanzu, bakora mkononi, wakienda polepole kwa heshima. Huyu aruka, yule ajizuia. Kila mwili wasema umelelewa wapi.

Amma mruko huo una mahali pake. Ni wa eunoto, sherehe ya kumtoa morani katika ujana, ambapo mamake humnyoa nywele zake ndefu. Mwaka 2018 UNESCO iliitia eunoto, pamoja na sherehe mbili nyingine za rika, katika orodha ya mila zinazohitaji kuhifadhiwa kwa haraka.

Eunoto yataka uwanja wa kujenga manyatta ya rika zima. Kitengela malisho yamekatwa viwanja, seng'enge kila upande. Mruko ukibakia wa hotelini, kijana atajua kuruka asijue anavuka kwenda wapi. Wazee walinena: mwacha mila ni mtumwa.